Blues, soul na rock ya zamani: santuri sita za kununua kwanza

Anayeanza kukusanya muziki wa zamani wa Marekani hupoteza pesa kwa njia mbili. Ama ananunua albamu yoyote yenye jina kubwa kwenye jalada, ama anakimbilia toleo la kwanza kabisa kwa bei ya kutisha. Ushauri wangu ni mwingine: anza na rekodi za jukwaani na mikusanyo ya singo. Mpaka katikati ya miaka ya 1960, wanamuziki weusi wa Marekani waliishi kwa singo, santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande. LP, yaani santuri kubwa ya albamu nzima, mara nyingi ilikuja baadaye, ikiwa na nyimbo mbili kali na nyingine za kujazia. Kwa hiyo mkusanyo mzuri hauna upungufu wowote, na onyesho la moja kwa moja hukupa kile ambacho studio za wakati ule zilikibana.

Mpangilio huu ni wa mtu anayeanza, kuanzia ile ningeinunua leo.

1. Sam Cooke, Live at the Harlem Square Club, 1963

Hii ilirekodiwa Januari 1963 kwenye klabu ya Overtown, mtaa wa watu weusi mjini Miami. Kampuni ya RCA ilikuwa ikimuuza Cooke kwa wasikilizaji wazungu kama mwimbaji mlaini, mwenye suti na tabasamu. Walipoisikia rekodi hii waliiona ina purukushani mno, wakaifungia hadi 1985. Cooke alikuwa ameshauawa tangu Desemba 1964.

Sikiliza Bring It On Home to Me. Kabla ya wimbo wenyewe Cooke anaongea na kuimba kwa kupokezana, anapandisha taratibu kama mhubiri, na watu wanamjibu kila mstari. Sauti yake, ambayo kwenye singo ilikuwa nyororo, hapa ina mikwaruzo. Nyuma yake King Curtis anapuliza saksafoni. Sijui rekodi nyingine ya soul inayomweka msikilizaji karibu na jukwaa namna hii.

Kwa mnunuzi kuna faida ya pili. Kwa kuwa haikutolewa zama zile, hakuna toleo la 1963 la kugombania. Mtu akikwambia anauza "orijino ya sitini na tatu", ondoka. Ya 1985 au yoyote iliyofuata inatosha, hata CD.

2. Otis Redding, Otis Blue (1965)

Hii ni albamu ya studio, na inavunja kanuni yangu kwa haki kabisa. Karibu yote ilirekodiwa ndani ya saa 24, Julai 1965, katika studio za Stax mjini Memphis, jengo lililokuwa sinema zamani. Wapigaji walipumzika usiku kwa sababu baadhi yao walikuwa na kazi kwenye klabu, kisha wakarudi na kuendelea hadi asubuhi. Humo mna nyimbo tatu za Sam Cooke, aliyekuwa amefariki miezi michache tu kabla, na mna Respect, iliyotungwa na Redding mwenyewe.

Swali la kumwuliza muuzaji: ni mono (sauti moja kwa spika zote) au stirio (sauti iliyogawanywa kushoto na kulia)? I've Been Loving You Too Long kwenye stirio ilirekodiwa upya, wakati mono ina ile ile iliyovuma kama singo. Mimi nachagua mono. Ukishindwa kuamua, tafuta toleo la CD mbili la 2008, lina zote.

3. Muddy Waters, The Best of Muddy Waters (1958)

Singo 12 alizorekodi kwa ndugu wawili wa kampuni ya Chess, Chicago, kati ya 1948 na 1954. Humu mna Hoochie Coochie Man, na mna Rollin' Stone, ambako vijana fulani wa London walipata jina la bendi yao, Rolling Stones. Kama unataka kujua rock ilitoka wapi, anzia hapa.

Lakini hapa ndipo pa kufungua macho. Kwa sheria za Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 hazilindwi tena, kwa hiyo kampuni yoyote ya huko inaweza kuzichapa bila kumwomba ruhusa mwenye rekodi. Ndiyo maana utakutana na santuri mpya ya Muddy Waters yenye jalada la kuvutia, nyimbo za nyongeza na bei ya chini. Ni halali huko, ila nyingi hutengenezwa kutoka kwenye CD, si kanda ya asili, na sauti yake huwa imebanwa. Geuza jalada, soma maandishi madogo, utafute jina la Universal, mwenye haki za Chess siku hizi. Kanda zenyewe zina msiba wake: moto wa Juni 2008 kwenye maghala ya Hollywood uliteketeza hazina kubwa, na za Chess zilitajwa miongoni mwa zilizoungua.

Epuka pia matoleo yaliyoandikwa "electronically reprocessed for stereo". Hizo ni rekodi za mono zilizogawanywa kwa mashine ili zionekane za kisasa, na sauti hutoka kama iko bafuni.

4. B.B. King, Live at the Regal (1965)

Chicago, Novemba 1964. Gitaa na umati vinajibizana. Inapatikana kirahisi na bei yake haiumi. Wazee wa Kinshasa waliomwona King kwenye tamasha la 1974 hawahitaji kushawishiwa.

5. Aretha Franklin, I Never Loved a Man the Way I Love You (1967)

Aretha kwenye piano yake mwenyewe, akiuchukua Respect wa Redding na kuugeuza kuwa dai la mwanamke. Ziweke hizi mbili pamoja, upige Otis kwanza.

6. Chuck Berry, The Great Twenty-Eight (1982)

Nyimbo 28, nyingi zikiwa singo, kuanzia Maybellene ya 1955. Ukiwa nayo hii, huhitaji albamu zake nyingine kwa muda mrefu.

Robert Johnson, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues, nimemwacha nje kwa makusudi. Nyimbo zake 29, zilizorekodiwa Texas mwaka 1936 na 1937, ni mizizi ya yote haya, lakini sikio lisilozoea huchoshwa na mchakacho wa santuri za zamani. Ukifika kwake, nunua King of the Delta Blues Singers ya 1961 kabla ya mkusanyo kamili wa 1990, ambao unapanga wimbo ule ule mara mbili mfululizo.

Kabla ya kutoa pesa

Santuri ya mtumba ishike kwa kingo, uiinamishe chini ya taa ya balbu moja. Mikwaruzo mepesi inayoonekana kwenye mwanga tu haina shida. Ile unayoihisi kwa ukucha itaruka. Angalia tundu la katikati: lebo ikiwa na vijistari vingi kulizunguka, santuri imepigwa sana. Kisha itazame usawa wa jicho uone kama imepinda. Kwa Mombasa, Tanga na Dar, nusa na jalada, maana ukungu wa pwani huhamia kwenye santuri zako nyingine.

Kwenye vibanda kama vya Kenyatta Market, Nairobi, omba kusikiliza kwanza. Muuzaji anayejiamini hakatai. Mtandaoni, usishuke chini ya VG+ (Very Good Plus, daraja la santuri ya mtumba iliyotunzwa vizuri), na omba picha ya santuri yenyewe, siyo jalada peke yake. Jumlisha usafiri na ushuru kabla ya kufurahia bei, kwa sababu santuri ni nzito. Agiza tatu au nne kwa pamoja kutoka kwa muuzaji mmoja.