Chaja ya kutunza betri: uzoefu wangu baada ya gari kulala misimu mitatu ya baridi

Gari langu hulala gerejini karibu miezi mitano kila mwaka, tangu theluji ya kwanza mpaka mvua zioshe chumvi yote barabarani. Msimu wa baridi uliopita ulikuwa wa tatu kulilaza likiwa na chaja ya kutunza betri. Nazungumzia ile ndogo ya volti 12, ya ampia moja, unayoichomeka ukutani na kuiacha ijisimamie.

Kabla ya hapo nilikuwa nafunga boneti na kuondoka. Niliamini gari likizimwa halili umeme. Kumbe linakula: king'ora, kipokezi cha rimoti na kompyuta hubaki macho usiku na mchana. Baadaye nilipima kwa mita nikakuta langu linavuta miliampia 40 likiwa limefungwa kabisa. Ni kidogo, lakini kwa saa 24 inakaribia ampia-saa moja, na betri yangu ni ya ampia-saa 60. Miezi miwili tu, imekwisha. Na betri iliyokwisha kwenye baridi haiishii kulala tu. Chaji inapopungua, asidi iliyomo ndani huwa nyepesi, karibu na maji, na huganda kwenye nyuzi chache chini ya sifuri. Iliyojaa huvumilia zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Yangu niliikuta imevimba mbavu, na ukutani mwa kasha kuna ufa. Ukikuta hivyo usijaribu kuichaji, inaweza kupasuka. Itoe kwa uangalifu, iende kwa wanaopokea betri chakavu.

Chaja hii inaijaza betri kwanza, kisha inashuka hadi volti 13 na nusu hivi na kukaa hapo, ikirudisha kile tu kinachopotea. Ndiyo tofauti yake na chaja za zamani, zinazosukuma umeme bila kukoma mpaka maji ya betri yanakauka. Kila msimu ulipokwisha niliichomoa, nikaiacha betri itulie usiku kucha, nikapima asubuhi: volti 12.6 au 12.7 mara zote tatu. Gari liliwaka kwa stata ya kwanza, na betri ni ileile.

Kuna mambo mawili yananikera. La kwanza ni waya mfupi, ambao umenilazimu kuegesha gari kinyumenyume. La pili ni zito zaidi: betri yangu ni aina ya AGM (ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo), inayohitaji volti za juu kidogo wakati wa kujazwa, na chaja ina kitufe cha kuchagua aina hiyo. Umeme wa nyumbani ukikatika na kurudi, inasahau nilichochagua na kuanza upya kwa betri ya kawaida. Haiharibu kitu mara moja, ila siwezi kuiacha bila kuichungulia kila wiki. Jueni pia kwamba haifufui betri iliyokwisha kabisa. Inawasha taa nyekundu na kukataa, kwa hiyo ichomekwe siku ileile gari linapolazwa.

Kuhusu vibanio vilivyokuja nayo, sivitumii tena. Nilifunga moja kwa moja kwenye betri ule waya wenye pete na fyuzi, na sasa nachomeka plagi tu mbele ya gari. Anayetumia vibanio aanze na chekundu kwenye upande chanya, kisha cheusi kwenye chuma cha bodi mbali na betri.

Kwa furaha ya chaja, mtu anaweza kusahau yaliyobaki, nami nimeona magari yakiumia hivyo. Oili nabadilisha kabla ya kulilaza, kwa sababu iliyotumika ina asidi na unyevu, na vitu hivyo havifai kukaa ndani ya injini miezi mitano. Tenki nalijaza hadi juu ili unyevunyevu usipate nafasi, kisha naongeza dawa ya kutunza petroli na kuacha injini ingurume dakika kumi, ili dawa ifike mpaka kwenye nozeli. Upepo wa tairi nauzidisha kidogo. Breki ya mkono sivuti kabisa, maana pedi hushikana na diski kwa kutu. Naliacha gari kwenye gia na kuweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu.

Tena tafadhali, achaneni na ile tabia ya kuwasha gari kila wiki kwa dakika tano "lisije likalala sana". Dakika tano hazirudishi hata umeme uliotumiwa na stata, na bomba la moshi linabaki na maji ambayo hayakupata joto la kuyakausha. Ama liendeshwe mpaka lipate moto vizuri, ama liachwe.

Panya ni habari nyingine. Naziba mdomo wa bomba la moshi na njia ya hewa ya injini kwa pamba ya chuma, halafu nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani kinikumbushe kuitoa kabla ya kuwasha. Kava natumia la kitambaa kinachopumua. La nailoni hufungia unyevu chini yake.

Kwa mwenye gereji yenye umeme, chaja hii naipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya kitufe kinachosahau. Gari lako likilala mahali pasipo na soketi, usihangaike nayo. Fungua betri ukianza na upande hasi, iweke mahali pakavu na penye baridi ya wastani, uichaji kila baada ya miezi miwili. Saa ya gari itapotea, na redio nyingine zitadai namba ya siri, kwa hiyo itafute namba hiyo kabla hujashika spana.