Kidude cha kuhesabia mirusho, Sh350 pale Luthuli

Nilikinunua mwezi wa tatu kwenye kibanda kimoja Luthuli Avenue, kikiwa katikati ya chaja na redio. Muuzaji alianzia mia tano. "Unahesabu watu kanisani ama dhikri?" akauliza. Nikamwambia nahesabu mipira. Akanitazama tu.

Ni kile cha chuma, cha mviringo, chenye tarakimu nne na pete ya kuingiza kidole. Jumamosi nafunza watoto besiboli huko Kayole, na lazima nihesabu mirusho, yaani mara ambazo mrushaji anamtupia mpigaji mpira. Zamani nilihesabu kichwani. Nikifika arobaini mzazi ananisalimia, hesabu yote inapotea. Kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto, haziruhusu mtoto wa miaka 11 au 12 kuvuka mirusho 85 kwa siku, na akifikisha 66 anapumzika siku nne. Utayakumbukaje hayo huku unapigiwa kelele?

Kasoro ipo. Kile kisukumio cha kurudisha sufuri kimelegea. Siku moja nilikitia mfukoni kikiwa 52 nimfunge mtoto kamba za viatu. Kukitoa, sufuri nne! Sasa nakivaa shingoni kama filimbi.

Na hakijui uchovu. Mwaka 2020, mchezo wa sita wa World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, nilikuwa macho usiku wa manane na simu mkononi. Kevin Cash, kocha wa Tampa Bay, akamtoa mrushaji wake Blake Snell kwenye mirusho 73, mtu ambaye wapinzani walikuwa wamefaulu kuupiga mpira wake mara mbili tu. Nick Anderson akaingia kurusha badala yake, uongozi ukapotea, wapinzani wao Dodgers wakabeba kombe. Lakini mwaka 2003 Grady Little, kocha wa Boston, alimwacha mrushaji wake Pedro Martínez aendelee ingawa tayari alikuwa amepita mirusho mia; Boston walikuwa wakiongoza 5-2, na Yankees wakasawazisha. Kwa hiyo usiniambie namba inatosha.

Mwezi wa sita mrushaji wangu mmoja alikuwa amefikisha mirusho 61. Kiwiko kilikuwa kimeanza kushuka, mipira inapaa juu ya vichwa, na kila akirusha anarekebisha kofia ili apate kupumua. Mamake akaita, "Kocha, si umwache amalize?" Ningemweleza habari za kiwiko tungekesha. Nikainua kidude. "Mama Brayo, imebaki mitano tu akae nje siku nne." Akanyamaza. Kwa hilo pekee, pesa yangu imerudi.

Nyota tatu na nusu. Ukienda, kibonyeze mara hamsini hapo hapo mezani, hata muuzaji akinuna. Cha kwanza nilichojaribu kiligoma kwenye 47.