X10 ya mtumba: chukua AM12U, achana na LM12U

Anayetaka kuwasha taa na feni kwa kompyuta bila gharama kubwa asiidharau X10, mfumo wa zamani wa kuendesha vifaa vya nyumbani. Ilibuniwa mwaka 1975 na Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, na haitegemei seva ya mtu. Mifumo mingine ya nyumba janja ilitegemea seva za kampuni: Revolv ilipozimwa 2016 na seva za Insteon zilipokatika Aprili 2022, wateja walibaki na vifaa vilivyopoteza kazi. X10 hupitisha amri kwenye nyaya zilezile za umeme wa nyumba, kwa mawimbi ya kHz 120 yanayotumwa kila volteji inapopita sifuri.

Kwa soketi za Kenya, Uganda na Tanzania, tafuta toleo la Uingereza, lenye herufi U mwishoni: plagi ya pini tatu bapa, umeme wa Hz 50. Toleo la Marekani (AM466, LM465) ni la volti 120. Ukilichomeka moja kwa moja litaungua. Ukitumia transfoma ya kushusha umeme, transfoma yenyewe itazuia amri zisipite. Urahisi wa bei usikuponze.

AM12U ni moduli ya soketi, yaani kifaa kinachopokea amri na kuwasha au kuzima kilichochomekwa ndani yake. Ina rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), utaisikia ikigonga, na umeme ukikatika na kurudi inabaki ilivyokuwa. LM12U ni moduli ya kupunguza mwanga wa balbu za nyuzi. Kwa LED utapata kupepesa tu. Hata AM12U hupitisha mkondo mdogo ili ijue kama swichi ya taa imeguswa, kwa hiyo LED moja ndogo inaweza kufifia-fifia usiku kucha au kujiwasha. Dawa ni kuchomeka na kitu kingine kidogo kinachokula umeme kwenye moduli hiyohiyo.

Kiunganishi cha kompyuta ni CM12U. Usikinunue bila waya wake, maana una mpangilio wa pekee, na hakikisha betri mbili za AAA hazijavuja ndani. Kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) utahitaji adapta ya USB kwenda siriali na programu ya Heyu: kwenye faili lake la mipangilio, x10.conf, andika TTY /dev/ttyUSB0, jaribu «heyu info», halafu «heyu on C1» (C ni herufi ya nyumba, 1 ni namba ya moduli; zote huwekwa kwenye moduli yenyewe). Umeme ukirudi baada ya kukatika, CM12U huomba saa tena na tena na haisikii amri mpaka ipewe. Heyu huijibu yenyewe. Programu ya kujiandikia mara nyingi hukwama hapa.

Moduli isiposikia, mtuhumiwa wa kwanza ni chaja, UPS (betri ya akiba ya kompyuta) au televisheni: kapasita zao za kuchuja kelele humeza mawimbi. Chomoa vyote, jaribu moduli kwenye soketi ya jirani na CM12U, kisha rudisha kimoja kimoja. Ukimpata, mchomeke kupitia kichujio. Nyumba ya fezi tatu ni kesi nyingine: amri haivuki fezi bila kiunganisha fezi kwenye bodi ya umeme, na hiyo ni kazi ya fundi, gharama inayokula faida yote ya kununua mtumba.

Herufi ya nyumba, A hadi P, isiwe A inayotoka kiwandani: jirani mnaochangia transfoma akiwa na X10 atakuzimia taa. Amri huchukua karibu sekunde moja, na AM12U haithibitishi kwamba imeipokea. Feni na taa za nje zinavumilia hilo. Pampu ya tangi haivumilii.