Sungura Bustanini: Ununue Nini Kwanza, Nini Uache Dukani

Kabla hujatoa hela, hakikisha mwizi ni sungura kweli. Angalia shina lililobaki: akilikata yeye, huwa limekwenda mshazari, safi kama limepitishwa kisu. Mbuzi hunyofoa na kuacha ncha iliyochanika; konokono huacha matobo na utelezi unaong'aa.

Namba moja ni wavu wa waya, na vingine vyote viko mbali nyuma yake. Wanunuzi wengi hutazama urefu tu. Anza na matundu. Tundu la sentimita 5 humzuia sungura mkubwa, lakini mtoto wake hupenya, na mtoto naye ana meno. Chukua wenye matundu ya milimita 25 au madogo zaidi, tena uliopakwa zinki, maana sehemu inayofukiwa ndiyo huliwa na kutu mapema.

Juu ya ardhi, sentimita 90 zinatosha kwa sungura wengi. Ila usinunue roli ya sentimita 90! Nunua ya 120, kwa kuwa 30 zitaingia chini: 15 ziteremke wima, 15 zilizobaki zikunjwe kuelekea nje kama herufi L, kisha ufukie. Sungura huchimba pale pale penye mguu wa uzio. Akikuta waya chini ya kucha zake, hafikirii kurudi nyuma hatua mbili aanze upya. Halafu kuna mlango. Watu huzungushia uzio mzuri kabisa, kisha wanaacha uwazi wa vidole vinne chini ya mlango.

Neti ya plastiki ni rahisi kwa bei, lakini sungura huitafuna, na ndege na nyoka hunasa humo. Kwa maoni yangu, afadhali uzungushie tuta moja kwa waya kuliko shamba zima kwa plastiki.

Namba mbili: vikinga vya waya vya kuvisha mche mmoja mmoja. Kama una miti michanga michache tu, hivi vinaweza hata kuupiku uzio. Kisiguse shina, acha nafasi ya sentimita kadhaa, la sivyo sungura ataguguna gome kupitia matunduni. Uvipanue mti unaponenepa.

Namba tatu ni dawa za kupulizia, zile za mayai yaliyooza au pilipili. Husaidia kwa muda, hasa kwenye maua. Mvua ikinyesha, unarudia. Majani mapya yakichipua, unarudia tena. Kwenye mboga, soma kwanza lebo inasemaje kuhusu mimea inayoliwa.

Bundi wa plastiki? Sungura humzoea upesi. Vifaa vya kutoa mlio usiosikika na binadamu navyo viache hapo hapo rafuni. Na nafthalini usiimwage bustanini hata ukiambiwa inafukuza: ni sumu kwa watoto na mifugo.