Mashine ya mtumba ya kuoshea santuri: ipi ununue ukiwa Mtwara

Kabla hujatoa hela, toa kwanza santuri moja kwenye jaladi lake. Isogeze dirishani, iinamishe kidogo ili mwanga uipitie kwa ubavu. Ukiona vumbi tu, funga pochi yako; brashi laini itamaliza kazi. Ukiona madoa meupe yaliyotapakaa kama unga wa muhogo, huo ni ukungu, na hapo brashi kavu haina la kufanya. Huku kwetu, kutoka Mikindani hadi Lindi mjini, sijawahi kufungua boksi la santuri za zamani nisiukute. Mvua zikishika Desemba mpaka zikatike Aprili, karatasi ya jaladi hunywa unyevu, ukungu unaota, na ukija kupiga wimbo spika zinakaanga kama dagaa.

Santuri zangu nilirithi kwa mjomba, kama desturi ya wengi wetu wa kusini. Mia mbili na ushee, karibu zote zile ndogo za 45 (zinazozunguka mara 45 kwa dakika), za bendi za miaka ya sitini na sabini. Udogo wake ukumbuke, maana ndio ulioniponza baadaye. Tangu siku hiyo nimenunua mashine tatu za mtumba, mbili kati yake kwa hasara. Ninayoyasema hapa yametoka kwenye hasara hizo.

Jambo moja nililochelewa kulielewa: brashi haisafishi santuri. Brashi inachokonoa uchafu uliolala ndani ya mifereji na kuuchanganya na maji, basi. Maji hayo ukiyaacha yakaukie pale pale, uchafu unarudi ulikotoka, safari hii umetandazwa vizuri. Kusafisha ni kuyatoa maji machafu yakiwa bado maji. Kwa hiyo mimi huzipanga mashine kwa swali hilo: maji machafu yanatokaje? Swali la pili ni la kwetu zaidi: ikiharibika, fundi wa feni hapa Chikongola ataiweza?

Nambari moja: ya kunyonya, ya volti 230

Hii ina sahani inayozunguka, na mkono wenye tundu refu jembamba lililozungushiwa kitambaa cha mahameli. Unamimina dawa, unasugua kwa brashi huku santuri inazunguka, kisha unashusha mkono na kuwasha mota. Mizunguko miwili, santuri imekauka. Usizidishe. Ukinyonya santuri iliyokwisha kukauka unaitia umeme tuli, na hapo inalivuta vumbi lote la chumbani.

Majina utakayokutana nayo ni Okki Nokki ya Uholanzi, Pro-Ject VC-S ya Austria, na VPI HW-16.5 ya Marekani. Zote hufanya kazi ile ile kwa namna ile ile. Ndani hakuna miujiza: mota ya kuzungusha, mota ya kunyonya ndugu yake na ile ya mashine ya kufyonza vumbi, tangi, mpira wa kupitishia maji, na swichi. Fundi anayejua kusuka mota ataielewa bila kusoma kitabu. Ndiyo maana naiweka juu.

Kati ya hizo, kwa mtu wa pwani ningetafuta Pro-Ject VC-S2 ALU, maana kasha lake si mbao. Mashine nyingi za zamani kasha lake ni MDF, ile mbao ya unga uliogandishwa, na MDF ikinywa maji huvimba pembeni kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mwambie muuzaji akupigie picha za kona za chini na za nyuma karibu na tangi. Akileta picha za mbele tu, zinazong'aa, unajua kinachofichwa.

Halafu ile habari ya udogo. Mkono wa kawaida umekatwa kwa ajili ya santuri kubwa ya sentimita 30. Santuri ya 45 ina upana wa sentimita 17.5 tu, kwa hiyo nusu ya tundu inabaki hewani na nguvu yote ya kunyonya inapotelea huko. Unahitaji mkono mfupi wa santuri ndogo, nao huuzwa peke yake. Mashine yangu ya kwanza ilikuja bila huo mkono. Nikaosha LP, yaani zile kubwa, kumi na mbili alizokuwa nazo marehemu mjomba, na zile mia mbili zikabaki kunitazama. Wenzetu wa Ulaya wanaoandika sifa za mashine hizi hawaligusi sana jambo hili kwa sababu wao LP ndizo wanazo kwa wingi. Huku muziki wa dansi mwingi ulitoka kwenye 45, zilizochapwa Nairobi maana sisi hatukuwa na kiwanda. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa muuzaji, kabla hata ya bei, liwe: mkono mdogo upo? Ukikosekana, kuna ujanja wa kuziba nusu ya tundu kwa utepe. Unafanya kazi, lakini utepe ukilowa unabanduka.

Mahameli yakiisha usihangaike. Fundi cherehani wa sokoni atakukatia vipande viwili kwenye kitambaa cha mabaki. Gundi ndiyo ya kuangalia, iwe ya kustahimili maji.

Kelele ni nyingi, sikufichi. Usiioshe santuri mtoto akiwa amelala, wala wakati wa adhana kama nyumba yako iko jirani na msikiti.

Onyo la volti

Nililaza hapa pesa yangu ya pili. Mashine ya soko la Marekani huwa ya volti 120 na umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, na umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Muuzaji wa Dar aliniambia "inakula umeme wowote, kaka." Nikachomeka. Moshi ulitoka kabla sijaketi. Soma kibandiko cha nyuma mwenyewe, usisomewe. Kama ni 120 na bei inakuvutia, weka hesabu ya transfoma ya kushusha umeme, nayo isiwe ya kuchajia vitu vidogo. Mota ya kunyonya hula mamia ya wati, kwa hiyo tafuta ya wati 1000. Na transfoma inarekebisha volti tu, ile mizunguko 50 ya umeme inabaki, na mota ya kuzungusha huifuata. VPI iliyotengenezwa izunguke mara 18 kwa dakika huko kwao, hapa itazunguka mara 15. Kwa kuosha haidhuru, ila usidhani ni mbovu. VPI hiyo hiyo ipo pia ya volti 230, ndiyo uitafute.

Nambari mbili: beseni la mkono

Kama santuri zako hazizidi mia, hii ndiyo yako, na ukisoma mpaka hapa unaweza kuacha mengine yote. Spin-Clean ya Marekani na Knosti ya Ujerumani ni mabeseni ya plastiki yenye brashi mbili zinazotazamana. Unasimamisha santuri katikati, unaizungusha kwa mkono, uchafu unazama chini. Hakuna umeme, hakuna mota, kutu haina pa kushika, na zote zina sehemu ya kuwekea santuri ndogo. Spin-Clean mpya huuzwa kama dola 80 huko ng'ambo, kwa hiyo ya mtumba ikipita nusu ya hapo unaibiwa.

Udhaifu wake ni lile swali langu la mwanzo. Maji hayatolewi, unafuta kwa kitambaa, na kinachobaki kinakauka chenyewe. Tena santuri ya ishirini inaogea maji ya waliotangulia. Mimi hubadilisha maji kila baada ya santuri kumi na tano, na zenye ukungu nazipanga mwisho. Kwenye ya mtumba angalia brashi: zikiwa zimelala upande mmoja au zina madoa meusi, hesabu bei ya brashi mpya juu ya bei uliyotajiwa.

Njia ya wenye subira ni kuunganisha mbili hizi: osha kwenye beseni, kisha nyonya kwa mashine ya kawaida ya kufyonza maji iliyofungwa mdomo mwembamba wenye mahameli. Iwe ile ya maji na vumbi, siyo ya mazulia, maana ya mazulia itaungua. Nimeiona kwa jamaa mmoja Shangani na santuri zake ni safi kuliko zangu.

Nambari tatu: ya mawimbi ya sauti

Hapa wengi watanipinga. Mashine za mawimbi, kama Degritter ya Estonia au HumminGuru ya Hong Kong, hutikisa maji kwa kasi isiyosikika sikioni, elfu 40 kwa sekunde kwa HumminGuru na elfu 120 kwa Degritter. Vipovu vidogo mno vinapasuka ndani ya mfereji na kung'oa uchafu ambao brashi haiufikii. Zinaosha vizuri, sibishi. Lakini ya mtumba, Mtwara? Pampu, vihisio vya maji, bodi ya umeme. Kimojawapo kikifa, fundi wetu atakurudishia sanduku zuri la kuwekea mkate. Degritter mpya ni maelfu ya dola, na mtu haiuzi kwa bei ya kutupa bila sababu.

Joto nalo lina neno lake. Mawimbi hupasha maji, na vinaili, plastiki ya santuri hizi, haipendi moto. Mimi sivuki nyuzi 40. Ulaya wanaanza na maji ya nyuzi 18. Sisi ya bombani Novemba yanakaribia 30 kabla hujawasha chochote, kwa hiyo utaosha santuri chache kisha usubiri yapoe.

Kama umeshaipenda, na ni ya elfu 40, ijaribu hivi: jaza maji, ning'iniza kipande cha karatasi ya foili ya jikoni, washa kwa dakika moja. Foili ikitoka imetobokatoboka na kukunjamana kote, mashine nzima. Ikitoka na upande uliolainika tu, vitikisio vya upande huo vimekufa. Muuzaji akikataa jaribio hili, ondoka.

Mashine za uzi, kama Keith Monks ya Uingereza iliyoanza 1969 na kutumika hata kwenye maktaba za BBC, ni za kifalme. Zinanyonya kwa ncha ndogo inayotambaa juu ya uzi. Sijawahi kuiona ikiuzwa upande huu wa Rufiji, basi tusipoteze wino.

Dawa ya kuoshea, na pale watu wanapoharibu

Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na ya bomba yana chokaa. Yote huacha ukoko. Tumia maji yaliyotoneshwa. Gereji wanayauza kwa jina la maji ya betri, lakini soma chupa mara mbili, kwani kuna wanaoita hivyo hivyo tindikali yenyewe.

Kwa santuri za vinaili mimi huchanganya mililita 800 za maji hayo na 200 za alkoholi aina ya isopropili, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Kisha nasuuza kwa maji matupu na kunyonya tena. Alkoholi hiyo mafundi simu wanayo. Ila mafundi simu wanayo pia thina, kwenye chupa inayofanana. Thina inayeyusha santuri mbele ya macho yako. Spiriti ya duka la dawa nayo iache, maana baadhi huongezwa mafuta. Na alkoholi inashika moto: usiitie kwenye mashine ya mawimbi inayopasha maji.

Santuri nzito za 78, zile za kale zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ni habari nyingine kabisa. Hizo si vinaili, ni lakri, kama zile alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928. Alkoholi huyeyusha lakri. Ukiwa na moja ya bibi yako, maji na tone la sabuni tu, haraka, na ikaushwe papo hapo. Dawa inayokuja na Knosti ina alkoholi, kwa hiyo isiguse 78.

Zenye ukungu zipigie brashi kavu nje kwanza, umefunga kitambaa puani. Dawa ikae juu yake dakika mbili kabla ya kusugua. Ikishakuwa safi usiirudishe kwenye karatasi ile ile ya ndani, umerudisha ukungu nyumbani kwake. Wala usianike juani. Saa moja tu ya jua la mchana inaikunja kama chapati.

Siku ya kuichukua

Ukinunua Dar, mwambie muuzaji amwage tangi na kulikausha kabla ya kufunga. Ni kilomita zaidi ya 550, na baada ya kimbunga Hidaya kukata barabara ya Somanga Mei 2024 nimejifunza kwamba mzigo wa basi unaweza kulala njiani siku nyingi. Sahani ivuliwe ifungwe peke yake, mkono uchomolewe. Na ukishaanza kuitumia, mwaga tangi kila siku ya kuosha. Langu nilisahau wiki mbili za Februari, nikalifungua nikakuta viluwiluwi vya mbu wanaogelea kwenye uchafu wa miaka hamsini.