Uhame Windows 10 au Ubaki? Njia Tano, Kuanzia Ninayoipendekeza Zaidi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Lakini tundu la usalama likigunduliwa sasa halizibwi tena kwa asiyejiunga na masasisho ya ziada (njia ya 2), na anayefungulia benki au barua pepe ya kazini kwenye mashine hiyo anazidi kujiweka pabaya kadiri miezi inavyosonga.

Nimezipanga njia hizi nikimfikiria mwenye laptopu moja ya nyumbani, mwanafunzi wa chuo, au mwenye steshenari yenye kompyuta mbili tatu. Ofisi kubwa zina watu wao wa IT, wapambane nao.

Kabla hujatoa hata senti, tafuta namba moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha usome mstari wa prosesa. Ukikuta i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, yaani kizazi cha nane cha Intel, na hapo ndipo Windows 11 inapoanzia. Ukikuta i5-7300U au i5-6300U, mashine yako imeachwa nje. Namba zinazoanza na 10, 11 au 12 ni za vizazi vya karibuni, huna la kuhofia. Kwa AMD usibahatishe: pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, itakujibu mara moja.

1. Kuhamia Windows 11 bure

Kama prosesa inakubalika na Windows 10 yako ni halali, hamia, tena hulipi kitu. Wapo wanaoambiwa mashine haifai kwa sababu haina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, kumbe ipo ila imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwenye Intel hutajwa kwa jina la PTT. Iwashe, kisha ujaribu tena.

Microsoft inasema RAM ya GB 4 inatosha. Inatosha kuwaka. Ukitaka kufanya kazi bila kukasirika, fikisha GB 8, na kama bado una diski ya kuzunguka, weka SSD kwanza, ile diski ya kasi isiyozunguka. Fedha ya SSD utaiona siku hiyohiyo, kuliko fedha yoyote nyingine utakayoiweka kwenye kompyuta ya zamani.

Faili la kusakinishia linazidi GB 5, kwa hiyo tafuta Wi-Fi, usiunguze bando. Ukihamia kwa njia ya kawaida mafaili na programu zako hubaki, na una siku 10 za kurudi Windows 10 usipopendezwa. Hata hivyo nakili kazi zako kwenye diski ya nje kwanza. Umeme hauna adabu.

2. Kuvuta muda kwa masasisho ya ziada

Microsoft imefungua mpango wa masasisho ya ziada kwa kompyuta za watu binafsi, unaofika 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, lakini kuna mlango wa bure: ingia kwa akaunti ya Microsoft na uruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni. Sharti Windows 10 yako iwe toleo la 22H2. Leseni moja inaweza kutumika kwenye mashine hadi 10 za akaunti hiyohiyo, kwa hiyo familia nzima inaingia.

Hii haikufikishi mbali. Inakupa nafasi ya kudunduliza hela ya njia inayofuata.

3. Kununua laptopu ya mtumba inayokubalika

Hapa ndipo watu wanapopigwa, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Muuzaji anakuwashia laptopu safi, Windows 11 inang'aa kwenye kioo, unaamini mambo yamekwisha. Kuiona hapo si ushahidi wa chochote. Fundi mwenye flashi na programu ya Rufus anaweza kupiga Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha sita, ikawaka vizuri tu.

Dhamira iwe ThinkPad T480 badala ya T470, Dell Latitude 7490 badala ya 7480, HP EliteBook 840 G5 badala ya G3 au G4. Na hata hapo usiridhike na jina lililo kwenye kasha, kwa sababu T480 na 840 G5 zilitoka pia na prosesa za kizazi cha saba. Andika ile msinfo32 palepale dukani. Muuzaji akianza kukuharakisha, duka la pili liko hatua tatu mbele.

Fungua pia ukurasa wa Activation kwenye mipangilio, uone kama Windows hiyo ina leseni halali. Windows ya kukraki imewahi kuja na virusi ndani yake, na laptopu nyingi za mtumba zilitoka kiwandani na leseni halali iliyofungwa kwenye ubao mama (motherboard). Hakuna sababu ya kuuziwa ya wizi.

4. Linux Mint

Huu ni mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows. Kwa mwanafunzi ambaye maisha yake yote yako kwenye kivinjari, ningeipandisha hii hadi nafasi ya pili. Ni ya bure, inaridhika na RAM ya GB 4, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mashine ya kizazi cha nne inapata uhai mpya.

Steshenari ni suala jingine. Mteja analeta CV ya Word, unaifungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Word, majedwali yanacheza, naye anataka nakala kumi sasa hivi. QuickBooks ya hesabu, ile ya kusakinisha, na Photoshop nazo hazina toleo la Linux. Printa jaribu mwenyewe kabla hujafuta kitu.

5. Kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika

Inawezekana, na mafundi wanaifanya kila siku. Tatizo ni kwamba Microsoft haikuahidi chochote kwa mashine hizo, na toleo kubwa la kila mwaka halishuki lenyewe. Inabidi urudi kwa fundi na flashi yake. Toleo la 24H2 la Windows 11 lilizikataa kabisa prosesa za zamani sana zisizo na SSE4.2, yaani maagizo fulani yaliyojengwa ndani ya prosesa. Kama ni kompyuta ya watoto kuchezea gemu, sawa. Ya hesabu za duka, hapana.

Na fundi yeyote akikuwekea Windows 11 upya kwa akaunti ya Microsoft, hakikisha akaunti ni yako. Diski inaweza kufungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba data, bila wewe kuulizwa, na ufunguo wa kuifungulia ukahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Ikiwa ni ya fundi, siku mashine ikiudai ufunguo huo utaanza kumtafuta yeye.