Walisema injini imenoki, na bisibisi haikutoka mfukoni

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka maoni ya upole asubiri mteja mwingine. Gereji yenyewe siitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Gari langu ni la zamani, la otomatiki, na limenitunza kuliko baadhi ya ndugu. Siku za karibuni lilianza kugonga. Si ule mlio mwepesi wa tapeti, tik tik tik, ambao wenye magari ya zamani tumeshauzoea. Huu ulikuwa mzito, ko ko ko, unatoka chini, upande ule injini inapoungana na giaboksi. Nikikanyaga breki na kuweka gia kwenye D, unabadilika, na wakati mwingine unapotea kabisa. Taa ya oili haiwaki. Nguvu ya gari iko palepale.

Yote hayo nilimweleza fundi mkuu kabla hajafungua boneti. Nilimpa nusu ya jibu bure. Yeye alisimama hatua kadhaa kutoka kwenye injini, mikono nyuma, akamwambia msaidizi wake apige resi kidogo, kisha akatoa hukumu kwamba injini imelika ndani.

“Imenoki hii. Beringi za konrodi zimekwisha. Dada, mwambie mwenye gari aje tuongee.”

“Mwenye gari ni mimi.”

“Sawa, lakini haya ni mambo ya kiufundi.”

Akanipa mgongo, akaanza kumweleza mtoto wa kaka yangu. Mtoto huyo yuko shuleni bado. Alikuja siku hiyo kwa sababu alikuwa amechoka kukaa nyumbani, na anachojua kuhusu gari ni kuunganisha simu na redio. Fundi anamweleza habari za krenkshafti, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni kupitia konrodi, naye anatikisa kichwa kwa adabu, mpaka akamwambia, “Muulize shangazi, mimi sijui.” Yule bwana akacheka, akaendelea kuongea naye!

Lakini kilichonikera zaidi ni bisibisi. Ilikuwa kwenye mfuko wa kifuani, ndefu, mpini mwekundu, inanitazama muda wote. Bisibisi ya namna hiyo ni kifaa cha kwanza cha kusikilizia injini: ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unaugandamiza sikioni, unahama kutoka kifuniko cha vali kwenda kwenye bloku, kwenda kwenye sampu, lile bakuli la oili chini, kwenda kwenye altaneta. Pale mlio unapokupigia sikio kwa nguvu ndipo pa kuanzia. Haigharimu kitu. Haikutoka mfukoni.

Nisimwonee. Mlio wa beringi ya konrodi unafanana kweli na ule wangu, na gari la umri huu kunoki si muujiza. Angesema “nadhani ni konrodi, ngoja tupime”, nisingekuwa hapa naandika. Ila hakuuliza hata kama linagonga likiwa baridi au likiwa moto. Swali hilo tu linapunguza nusu ya washukiwa. Pistoni inayocheza ndani ya silinda hugonga asubuhi, kisha injini ikipata joto chuma kinatanuka na mlio unafifia. Gasketi ya manifodi ya ekzosi ikivuja, nayo hutikatika ikiwa baridi na kutulia baadaye. Mlio unaokuja ukipanda mlima tu, gari likiwa na mzigo, mara nyingi si chuma kugongana na chuma bali ni mafuta yanayolipuka kwa fujo ndani ya silinda, kwa sababu ya petroli duni, masizi au taimingi ya cheche. Yeye alijuaje ni upi kati ya hiyo?

Nikamuuliza kama atachomoa koili za plagi moja moja. Akaniangalia kama nimetukana. Kipimo hicho ni cha zamani kuliko sisi wote wawili: koili ndiyo inayoipa plagi umeme, kwa hiyo ukiichomoa umezima silinda moja, mlipuko hausukumi tena pistoni ile, na beringi iliyolika haipigwi kwa nguvu. Mlio ukipungua au ukibadilika, umempata mwizi na silinda anayokaa. Usipobadilika hata kidogo kwenye silinda zote, una sababu nzuri ya kutafuta kwingine. Ni kazi fupi, mikono mitupu. Jibu lake: “Dada, sisi hatubahatishi.”

Msaidizi wake, kijana mpole, alinisogelea wakati naondoka akaniambia kwa sauti ya chini nikawaulize watu wa giaboksi. Huyo ndiye fundi pekee niliyemwona pale.

Nililipeleka kwa mzee mmoja anayefanya kazi bila kibao mlangoni. Yeye aliniuliza maswali kwanza, mimi, siyo mtoto. Akachomoa dipstiki, akapaka oili kwenye karatasi nyeupe na kuigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta chembe zinazometameta, maana beringi zikisagika hujionyesha kwenye oili. Safi. Akatoa fenibelti, akawasha injini kwa muda mfupi tu, kwa sababu mara nyingi pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo. Mlio ukabaki. Basi altaneta, pampu ya maji na puli zinazozungushwa na mkanda huo zikawa zimejisafisha. Akachomoa koili moja baada ya nyingine. Hakuna mabadiliko. Akafunga geji ya presha mahali pa swichi ya oili. Mafundi wa zamani wana kanuni yao ya presha ya oili ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, na injini yangu iliivuka vizuri.

Kisha akaweka gia kwenye D, breki imekanyagwa. Mlio ukabadilika. Akatabasamu.

Akaingia chini, akafungua kile kifuniko chembamba kinachoziba pale injini na giaboksi zinapokutana, akamulika tochi huku akinizungushisha krenkshafti taratibu kwa spana. Gari la otomatiki kama langu halina ile flaiwili nzito ya magari ya klachi. Lina bamba jembamba la chuma lililofungwa kwa boliti kwenye krenkshafti, nalo ndilo linalozungusha kibadili nguvu (torque converter), kinachopeleka mzunguko wa injini kwenye giaboksi. Bamba likichoka, hupasuka kuzunguka boliti za katikati. Hapo linacheza na kugonga kwa mlio mzito, kwa kasi ya krenkshafti, sawasawa na konrodi iliyokwisha. Ukiingiza gia, linapata mzigo na kutulia au kubadilisha sauti. Nyufa nilionyeshwa. Nilizigusa kwa ukucha.

Limebadilishwa bamba, kwa kazi ya kushusha giaboksi, ambayo si ndogo, siwezi kusema ilikuwa raha. Gari limenyamaza. Mzee akaniambia nilifanya vizuri kutolikawiza zaidi, kwa sababu meno yanayotumika kuwashia gari yamo kwenye bamba hilohilo. Likikatika vipande, hata kuwaka haliwaki.

Sasa, hukumu yangu. Nilitaka kusema gereji ile ni mbovu, basi. Lakini waliwahi kunifungia pedi za breki kwa ustadi, na matairi wanayasawazisha vizuri, kwa hiyo kwa kazi ndogo mtu anaweza kwenda.

Hapana, nimefikiri tena. Pendekezo lao lilikuwa kutoa injini na kuweka nyingine ya mtumba. Fikiria kitakachotokea. Ili injini ibadilishwe, lazima itenganishwe na giaboksi. Bamba lililopasuka linaonekana waziwazi. Wanaweka injini nyingine na bamba zima, mlio unaisha, mimi ninawashukuru, nawaletea na wateja. Hukumu yao ya uongo ingethibitishwa na ukimya wa gari! Nisingejua kamwe. Na injini yangu nzima, yenye presha nzuri na oili safi, ingebaki kwao ikisubiri gari la mtu mwingine. Sisemi ni wizi. Inawezekana ni uvivu tu, au ule uzoefu unaomfanya mtu asikie konrodi kila mahali. Ila nikiwaza kwamba hakutaka kabisa kuchomoa koili, moyo unaniuma.

Halafu kuna jambo nililokuwa nimeamua kuliacha. Nilipokataa kubadili injini, alinipa njia ya pili: “Basi tukuwekee oili nzito, itatulia, uliuze gari haraka.” Yaani kama aliamini kweli beringi zimekwisha, alikuwa ananishauri nimuuzie mtu mwingine gari litakalomfia barabarani, na mlio umefichwa kwa oili. Alilitamka hilo mbele ya mtoto, akilipangusa jasho kama aliyetoa ushauri wa busara. Kwa hiyo, hata pedi za breki, msiende. Nafuta nilichosema juu ya matairi pia.

Mwenye gari la otomatiki linalogonga chini, kabla hujakubali kufumua injini, dai wazime silinda moja moja mbele ya macho yako, waonyeshe presha ya oili kwenye geji siyo kwa mdomo, na wamulike lile bamba. Fundi anayekasirika kwa kuombwa hivyo ameshakujibu.

Walinitoza ada ya uchunguzi. Uchunguzi! Nimeirudia kuidai, na bamba lililopasuka nikalipeleka likiwa limefungwa kwenye gazeti, nikaliweka juu ya meza ya mapokezi. Fundi mkuu akaligeuza, akaona nyufa, akasema injini ya zamani itanoki tu hata kama si leo. Kuhusu hela nikaambiwa nimwone meneja. Meneja kila nikienda ametoka sasa hivi.